Ajira kwa wahitimu (2): Kilichomo ndani ya logibuku

Wiki iliyopita tuliangalia nafasi zenyewe, na hesabu yake haimfurahishi mtu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikuwa na nafasi 1,596. Waombaji walizidi 135,000. Hata kama wote wangekuwa hodari kupindukia, wengi wangekosa. Nalirudia hilo makusudi, maana kijana asiye na kazi amechoka kuambiwa kwamba tatizo ni yeye.

Waajiri nao wana lao. Utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA) uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa, machoni pa waajiri, zaidi ya nusu ya wahitimu hawakuwa wameiva kwa kazi. Tanzania ilikuwa asilimia 61, Uganda 63.

Hawajaiva kwa lipi? Tumchukue mhitimu wa uhasibu. Kwenye usaili anawekwa mbele ya kompyuta yenye daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, aeleze kwa nini salio zimepishana. Chuoni ameshaifanya kazi hiyo, ila kwa miamala kumi iliyopangwa na mwalimu ili jibu lipatikane. Hapa miamala ni mamia, jina la mteja mmoja limeandikwa kwa namna tatu, na kuna hundi ambazo hazijafika benki. Tofauti ni shilingi 54,000. (Mhasibu mzoefu akiona tofauti inayogawanyika kwa tisa hushuku tarakimu zilizobadilishana nafasi: 82,000 imeandikwa 28,000.) Wapo wanaobandika tarakimu ili salio zilingane, na usaili wao unaishia hapo. Anayesema, “Hii sijaipata, naomba nione risiti za keshia,” ana nafasi nzuri zaidi hata kama hajamaliza.

Tabia hiyo ilipaswa kuanzia fildi. Lakini fungua logibuku nyingi: Jumatatu, “nilisaidia kazi za ofisi.” Jumanne, vivyo hivyo. Sahihi za msimamizi ni za wino mmoja na mwandiko wa haraka ule ule, zimetiwa zote siku ya kuaga. Mwanafunzi alikuwa akitumwa kutoa fotokopi. Msimamizi hana posho wala muda wa kumfundisha. Mhadhiri alipita mara moja, akasalimia, akaondoka. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, basi huona ameshamaliza wajibu wake. Kisha tangazo lake linadai uzoefu wa miaka mitatu. Akaupate kwa nani?

Kwa aliyeko fildi sasa hivi, ningemshauri aombe kazi moja yenye mwanzo na mwisho, hata ikiwa ndogo: kuhakiki orodha ya wadaiwa, kuhesabu stoo na kulinganisha na leja. Aandike alichokuta, kilichopungua, aliyemwuliza na jibu alilopewa. Ukurasa mmoja wa namna hiyo humpa cha kusema kwenye mahojiano, jambo ambalo cheti cha semina ya ujasiriamali hakiwezi.

Kwa wanaolenga serikalini, Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika. Baadhi ya kada hupimwa kwa vitendo kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Mtihani huo wa kuandika, unaowaangusha wengi, tutauchambua wiki ijayo.