Oaks: Mbio za Kuchagua Mama

Wafuatiliaji wengi wa mbio za farasi huijua Derby ya Epsom, kusini mwa London, na ni rahisi kudhani kwamba Oaks, mbio za mitamba wa miaka mitatu pale pale, zilibuniwa baadaye ili nao wapate chao. Tarehe zinakataa. Oaks zilikimbiwa kwanza Mei 1779, zikapewa jina la nyumba ya Lord Derby wa 12 iliyokuwa jirani, na mshindi akawa mtamba wake mwenyewe, Bridget. Derby ilifuata mwaka 1780, tena kwa maili moja tu, ilhali mitamba walikuwa wameshaanza na maili moja na nusu, karibu kilomita 2.4. Huko si kutupiwa makombo.

Sababu, kwa maoni yangu, iko zizini. Dume hupanda majike wengi kwa msimu mmoja; jike hubeba mimba miezi 11 hivi na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mfugaji akikosea kuchagua jike, hasara humwandama miaka mingi. Masafa yale, kwenye njia ya kupanda na kuteremka, yalimwonyesha mwenye pumzi kabla hajapelekwa kuzaa. Blink Bonny alishinda Derby na Oaks mwaka 1857, kisha akamzaa Blair Athol, mshindi wa Derby ya 1864. Atakayesema mfano mmoja hautoshi ana haki, maana mabingwa wengi wa Oaks hawakuacha mzao wa kutajwa. Lakini faida ya jike huweza kukawia. Pretty Polly, bingwa wa 1904, hakupata mwana wa kiume wa kumfikia. Binti zake ndio walioendeleza ukoo, na humo akaja kutoka Brigadier Gerard, aliyeshindwa mara moja tu katika mbio 18.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuwatenga mitamba ni kukiri kuwa hawawawezi madume. Derby haikuwafungia mlango, na walioishinda ni sita tu, wa mwisho akiwa Fifinella mwaka 1916, mbio zilipohamishiwa Newmarket kwa sababu ya vita. Sikatai kwamba madume kwa wastani huwa na nguvu zaidi, ndiyo maana mitamba hupunguziwa uzito. Ila idadi hiyo inapima pia hesabu za wenye mali: nani atamwingiza mtamba wake Derby wakati Oaks, zenye heshima na fedha nyingi, ziko wiki hiyo hiyo? Wanapothubutu, mambo hubadilika. Balanchine alishinda Oaks mwaka 1994, kisha akawashinda madume katika Derby ya Ireland. Enable alishinda Oaks 2017, na mwaka huo huo akawaacha madume nyuma Ascot na tena Ufaransa, katika mbio za Arc de Triomphe, ambazo alizishinda tena mwaka 2018.