Makaratasi ya Ukoo Mawinguni: Kunakili, Kuhakiki na Kukabidhi Ufunguo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya ya wahenga yanatuhusu sana siku hizi, maana sehemu kubwa ya mali ya koo zetu haimo tena kabatini. Cheti cha kuzaliwa cha babu, hati ya ndoa ya bibi, pasi ya kusafiria yenye muhuri wa Usultani wa Zanzibar, picha za arusi, barua zilizotoka Maskati na Mombasa: wajukuu wamezipiga picha zote kwa simu, wakazipeleka kwenye hifadhi ya intaneti, ile inayoitwa wingu. Kisha kila mtu akatulia. Ukiuliza zimo ngapi, hapana anayejua. Ukiuliza kama zote zilifika, jibu ni "nadhani".

Karani wa masjala hakuruhusiwa kujibu "nadhani". Jalada likitoka, liliandikwa, likirudi, liliandikwa. Makala haya yanaeleza namna ya kurudisha utaratibu huo kwenye makaratasi ya ukoo, kwa kuandika amri fupi kwenye kompyuta badala ya kuburuta picha moja moja kwa kidole.

Kwa nini tujisumbue

Wingu si wingu. Ni kompyuta za kampuni fulani, zimo kwenye jengo fulani, na sisi ni wapangaji tu. Google inatoa nafasi ya GB 15 bila malipo, Microsoft GB 5. Lakini mpangaji ana masharti yake. Kwa mfano, tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haikutumiwa kwa miaka 2, pamoja na vyote vilivyomo. Mzee akifariki na akaunti yake ikakaa kimya, hesabu inaanza.

Na kuacha kila kitu nyumbani si salama zaidi. Hapa Alief, kusini-magharibi ya Houston, tuliona Agosti 2017 kimbunga Harvey kilivyomwaga mvua ya zaidi ya milimita 1,000 katika sehemu nyingi za eneo hili. Julai 2024 kikaja Beryl, na wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme. Ninyi wa Oman mnakumbuka Gonu ya Juni 2007, na Shaheen ya Oktoba 2021 ilivyoizamisha miji ya Batina. Maji hayachagui sanduku la kuingia.

Tena koo zetu zina sababu ya ziada. Wako waliotoka Unguja baada ya Januari 1964 na nguo walizovaa tu. Baada ya 1970, Oman ilipofungua mlango kwa watu wake waliokuwa nje, mwenye karatasi ya baba yake alikuwa na njia nyepesi kuliko asiyekuwa nayo. Karatasi hizo hazina ofisi ya kuzichapisha upya. Zikipotea, zimepotea.

Chombo chenyewe

Programu ninayoieleza inaitwa rclone. Ni ya bure, ilianzishwa na Mwingereza Nick Craig-Wood, na inapatikana kwenye tovuti ya rclone.org kwa kompyuta za Windows, Mac na Linux. Inazungumza na hifadhi zaidi ya 70, zikiwemo Google Drive, OneDrive na Dropbox. Kwa kawaida haitumiwi kwa kubofya vitufe. Unaiandikia amri, nayo inakujibu kwa maandishi. Wazee wenzangu wasiogope. Aliyewahi kupiga taipu barua ya ofisi anaweza kazi hii.

Kwenye Windows, pakua faili, lifungue, ingia ndani ya folda yake, kisha kwenye kisanduku cha anwani kilichoko juu ya folda andika cmd na ubonyeze Enter. Litatokea dirisha jeusi. Hapo andika:

rclone config

Jibu n, maana yake unafungua hifadhi mpya. Ipe jina lako mwenyewe, tuseme alief. Chagua aina ya hifadhi kwenye orodha. Maswali mengi yanayofuata yatosha kubonyeza Enter, mpaka ukurasa wa intaneti ufunguke kukuuliza kama unaruhusu. Ukiruhusu, umekaribia kumaliza. Kama ndugu yako wa Maskati ana hifadhi yake, na amekubali, rudia hatua hizo pamoja naye na uiite maskati. Tangu hapo majina hayo mawili, kila moja likifuatwa na nukta mbili, ndiyo anwani zako.

Kunakili

Tuchukue mfano wa ukoo wenye picha 3,000 za makaratasi kwenye diski ya nje, ndani ya folda iitwayo Ukoo. Kwanza fanya jaribio lisilogusa kitu:

rclone copy D:\Ukoo alief:Ukoo --dry-run

Programu itataja kila faili ambalo ingelinakili, bila ya kulinakili. Soma orodha. Ukiridhika, ondoa neno la mwisho na uweke -P ili uone kazi inavyokwenda:

rclone copy D:\Ukoo alief:Ukoo -P

Umeme ukikatika katikati, rudia amri ile ile. Yaliyokwisha kufika yatarukwa. Yaliyobaki ndiyo yatakayokwenda. Hii peke yake inatosha kumpumzisha mtu aliyewahi kuanza upya kupakia picha elfu moja kwa sababu intaneti ilisita kwenye picha ya mia tisa.

Kisha peleka nakala ya pili Maskati:

rclone copy alief:Ukoo maskati:Ukoo -P

Hapa data hupita katika kompyuta yako, kwa hiyo iwashe usiku na uiache. Kwa bahati, usiku wa Houston ni mchana wa Maskati, tofauti ya saa 9 wakati wa joto na 10 wakati wa baridi, na ndugu wa upande wa pili anaweza kuangalia mambo yanavyoingia.

Kuhakiki

Kunakili bila kuhakiki ni nusu ya kazi. Andika:

rclone check D:\Ukoo alief:Ukoo --one-way

Programu italinganisha faili kwa faili: ukubwa, na pale inapowezekana alama ya hesabu inayobadilika hata herufi moja ikibadilika ndani ya faili. Unachotafuta mwishoni ni maneno 0 differences found, yaani hakuna tofauti hata moja. Ukitaka idadi na ukubwa wa jumla, andika rclone size alief:Ukoo. Nakili nambari hizo kwenye daftari la karatasi, pamoja na tarehe. Mwakani ukihesabu tena, utajua kama kuna kilichopungua.

Amri ya kuogopwa

Ipo amri inayofanana na copy lakini si ndugu yake. Inaitwa sync. Copy inaongeza vilivyokosekana na kusasisha vilivyobadilika. Haifuti kitu upande wa pili kwa sababu tu hakipo upande wa kwanza. Sync inaufanya upande wa pili uwe sawasawa na wa kwanza, hata kwa kufuta. Mjukuu akifuta folda ya picha kwenye diski ya Houston ili apate nafasi, kisha ukaendesha sync, na nakala ya Maskati nayo itaondoka. Google Drive huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku 30. Baada ya hapo hakuna wa kumlalamikia. Ushauri wangu kwa makaratasi ya ukoo ni copy tu, siku zote.

Mambo mawili yanayosahauliwa

La kwanza ni majina. Faili lenye jina IMG_4471 halimsaidii mtu. Skuli ya misheni tulifundishwa kuandika tarehe juu ya kila ukurasa kabla ya neno la kwanza, na hapa ni vivyo hivyo: anza na mwaka, mwezi, siku, kisha aina ya karatasi, kisha inamhusu nani. Kwa mfano 1958-06-14_hati-ya-ndoa_babu-na-bibi. Faili zitajipanga zenyewe kwa miaka. Kama karatasi ina tarehe ya Hijiria, iandike nayo mwishoni. Fanya kazi hii kabla ya kunakili, wakati wale wanaotambua nyuso za kwenye picha bado wako nasi.

La pili ni Google Photos. Picha zilizomo humo haziko Google Drive, na tangu mwisho wa Machi 2025 rclone huona kule zile tu ilizozipakia yenyewe. Picha za zamani ziombwe kwa huduma ya Google Takeout, zipakuliwe kwenye diski, kisha ziingie kwenye utaratibu huu.

Ufunguo

Rclone huweka ruhusa zako kwenye faili moja. Rclone config file itakuonyesha liko wapi. Mwenye faili hilo ana funguo za hifadhi zote, kwa hiyo lisipelekwe kwa WhatsApp, na liwekewe nywila kupitia rclone config.

Lakini ufunguo uliofichwa sana nao ni hasara. Chukua karatasi na kalamu. Andika hifadhi za ukoo ni zipi, zimefunguliwa kwa barua pepe gani, nywila imewekwa wapi, na mara ya mwisho kuhesabu zilikuwa faili ngapi. Tia kwenye bahasha mbili: moja ibaki kwako, ya pili ishikwe na mtu wa kizazi cha chini yako, katika mji mwingine. Mwambie kwa mdomo kwamba ni yeye, na umwonyeshe amri hizi angalau mara moja angali anaweza kukuuliza.