Kingamwili Humwona Mgeni Kwanza

Mwaka 1937 Peter Gorer, mtafiti wa London, alieleza yaliyotokea alipopandikiza uvimbe wa saratani kutoka ukoo mmoja wa panya kwenda ukoo mwingine. Uvimbe ulikataliwa, na kingamwili zikaonekana katika damu ya waliopandikizwa. Ilikuwa rahisi kushangilia kwamba mwili umeitambua saratani. Lakini seramu ya damu hiyo ilipochanganywa na seli nyekundu za panya wazima wa ukoo uliotoa uvimbe, seli zilishikana mabonge kama uji uliokorogwa vibaya. Hazikuwa na saratani yoyote. Kingamwili zilimkataa mgeni, kama mbwa anayembwekea mkwe na mwizi kwa sauti ile ile. Tena kuwapo kwa kingamwili si ushindi: miaka ya 1950 Nathan Kaliss wa Marekani alionyesha kuwa panya waliotangulia kudungwa seramu ya aina hiyo waliweza kuuacha uvimbe wa kigeni ukakua hadi ukawaua.

Tahadhari hiyo inauhusu mkoa wa Rukwa, Tanzania, pia. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala, alisafiri na wenzake wawili kwa gari hadi Afrika Kusini, akiulizia hospitalini watoto wenye uvimbe wa saratani wa taya. Ramani yake iliuweka ugonjwa huo kwenye nchi za chini zenye joto na mvua. Kwa kanuni hiyo, Sumbawanga, mji wa mkoa huo ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, umenusurika kwa baridi yake. Ukiteremka Muze, kuelekea Ziwa Rukwa lililo karibu mita 800, unavua sweta na kukutana na mbu wa malaria. Baadaye damu za wagonjwa wa uvimbe huo wa taya zilikutwa na kingamwili nyingi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr. Je, si zimeona saratani? Mtu atataja utafiti wa West Nile, Uganda, uliopima watoto wapatao 42,000: waliougua walikuwa na kingamwili nyingi hata kabla ya uvimbe. Ni kweli, ila kabla ya uvimbe hapakuwa na saratani ya kuonwa. Zilichohesabu ni wingi wa virusi. Na virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo, Sumbawanga juu na Muze bondeni sawia. Kinachobadilika mteremkoni, pamoja na ugonjwa huu, ni malaria.

Kwa hiyo mzazi anayeona taya la mwanawe linavimba au meno yanalegea asitegemee kipimo cha kingamwili. Ampeleke hospitali upesi, kipande cha uvimbe kichunguzwe kwa hadubini. Uvimbe huu hukua haraka mno, na ukiwahiwa hutibika kwa dawa.