Moto ni uleule, tofauti iko kwenye kupoza

Chukua kipande cha waya mnene wa shaba, ule wa umeme (uliotupwa tafadhali, usikate wa ukutani). Uvue plastiki, ukunje, unyooshe, halafu ukunje tena palepale. Mara ya kwanza unakubali bila shida. Baadaye unaanza kubisha, na ukiendelea kuulazimisha unakatika. Hujaongeza kitu chochote ndani yake, sasa huo ugumu umetoka wapi?

Ndani ya metali, atomi zimejipanga kwa safu kama trei za mayai zilizobebana. Ila mpangilio huo una kasoro: kuna mahali safu inaishia katikati. Mwaka 1934 G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba kasoro hizo ndizo zinazofanya metali ikunjike. Fikiria zulia kubwa sebuleni. Kulivuta lote ni kazi, lakini ukitengeneza kikunjo upande mmoja na kukisukuma hadi upande wa pili, zulia limesogea. Kasoro hutambaa hivyohivyo. Shida ni kwamba kila unapokunja waya zinazaliwa nyingine, zinakuwa nyingi, zinanasana kama uzi uliotatizika. Zikikwama, waya umekuwa mgumu.

Moto unazifungua. Ukipasha shaba hadi iwe nyekundu hafifu, atomi zinapata nguvu ya kuhama, na fuwele mpya zinaota mahali pa zile zilizovurugika. Haiyeyuki, maana shaba inayeyuka kwenye 1,085°C na hapa hufiki hata 700. Ukishamaliza, hata ukiitumbukiza kwenye maji inabaki laini.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Nilikuwa nataka kutengeneza kisu kutokana na kipande cha springi ya lori, na kilihitaji matundu mawili ya mpini. Nikakipasha kikawa chekundu, nikakichovya kwenye ndoo ya maji kama shaba, nikaweka kwenye drili. Biti ililia, ikatoa moshi, ncha ikaisha. Fundi aliyekuwa pembeni akacheka: "Mdogo wangu, hapo hujakilainisha, umekikomaza."

Chuma cha springi kina kaboni, karibu asilimia 0.6. Kidogo, lakini ndiyo inayobadilisha mchezo. Chuma kikipita takriban 727°C, atomi zake huanza kujipanga upya, na mpangilio huo mpya una nafasi ya kumeza kaboni. Kikipoa polepole, kaboni inapata muda wa kutoka na kujikusanya pembeni, na chuma kinakuwa laini. Ukikitia majini ghafla, kaboni inanaswa ndani kabla haijatoka. Safu zinapindika kwa kubanwa, kasoro hazitambai tena. Unapata kitu kigumu kama tupa, na chepesi kuvunjika kama tupa vilevile.

Fundi hakuwa na kipimajoto. Alifunga sumaku kwenye waya mrefu. Chuma kikifika karibu 770°C sumaku haikishiki tena, kwa hiyo alipasha mpaka sumaku ikaacha kuvuta, akaongeza moto kidogo, halafu akakifukia kwenye ndoo ya jivu kavu. "Kesho," akasema. Kukiacha hewani tu hakutoshi kwa chuma cha aina hii, kinaweza kubaki kigumu kiasi cha kukusumbua. (Na kama una bati au bomba lililopakwa zinki, usilitie motoni kabisa. Moshi wake unaleta homa.)

Asubuhi kipande kilikuwa bado na uvuguvugu ndani ya jivu. Biti mpya ilipita taratibu, ikatoa maganda marefu yaliyojiviringa. Tulitoboa, tukapiga tupa hadi umbo likakaa sawa. Ndipo tukakirudisha motoni, na safari hii tukakizamisha kwenye mafuta, makusudi.