Kupima si Kujaribu

Katika kituo cha kununulia majani chai, huku kwetu Kebirigo katika kaunti ya Nyamira, mkulima aliyetua gunia lake hangoji kuambiwa kilo na karani ndipo ajue alicholeta. Amekwisha kulipima gunia hilo nyumbani, kwa mkono uliozoea mizigo au kwa mizani ndogo ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye boriti ya jikoni, na anapofika mbele ya mizani ya elektroniki huwa na hesabu yake moyoni, na macho yake hayaulizi ni kilo ngapi bali huuliza kama mizani ile inasema kweli. Mashine ikitoa risiti ya kilo 14 ilhali yeye alitazamia 17, hapo hapo maneno huanza. Nimesimama katika foleni hizo tangu utotoni, zama ambapo karani alisoma mshale kwa jicho na kuandika kwa kalamu, na leo, ambapo riziki yangu ni kupima programu za kompyuta, naona kwamba somo la kwanza la kazi hii nililipata pale foleni, kabla sijaigusa kompyuta.

Lugha yetu imetufanyia hisani kwa neno hili kupima, kwa maana twapima uzito, twapima shamba, twapima mgonjwa, na sasa twapima programu, na katika yote hayo neno lina sharti moja ambalo neno kujaribu halina. Ajaribuye hutenda ili aone litakalotokea. Apimaye hutenda akiwa na kipimo tayari, akijua kabla ya kutenda ni jibu gani lililo haki. Mkaguzi wa serikali ajaye kuhakiki mizani ya wafanyabiashara kwa mujibu wa Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, haji na gunia la viazi ambalo hakuna aujuaye uzito wake. Huja na mawe ya chuma yaliyokwisha kuthibitishwa, huyaweka juu ya mizani moja baada ya jingine, na mizani ikisema vingine, yenye makosa ni mizani. Mpimaji programu anayeanza aghalabu hukosa jambo hili hili: hufungua programu, hubonyeza hapa na pale, huona kurasa zinapita bila kelele, kisha huandika kwamba kila kitu kiko sawa. Sawa na nini?

Mpwa wangu mmoja, binti aliyemaliza masomo ya chuo na kuambiwa na wenzake wa Nairobi kwamba upimaji ndio mlango mwepesi wa kazi za kompyuta, kwa kuwa mtu aweza kuingia bila kujua kuandika programu, alinijia akitaka nimfundishe. Maneno aliyoambiwa ni nusu ya kweli. Mlango u wazi, lakini wepesi wake sijauona. Ilisadifu kwamba chama cha akina mama wa kijijini kilikuwa kimetengenezewa programu ndogo ya simu na kijana wa jirani, ya kuandikisha michango ya kila juma, na kanuni ya chama ilikuwa kwamba mchango usipungue shilingi 100 wala usizidi 5,000. Kijana mwenyewe aliomba ikaguliwe kabla akina mama hawajaanza kuitumia. "Mjomba, nianzie wapi?" akauliza, na simu tayari i mkononi. Nikamwambia, "Weka simu chini, mwanangu, ufungue daftari."

Katika daftari alitakiwa aandike nambari atakazoingiza, na mkabala wa kila nambari aandike jibu analolitazamia. Akaandika 200, 500, 1,000, 2,000 na 3,000, akaridhika. Nikamweleza kwamba nambari hizo tano ni za aila moja, zote zimo ndani ya kanuni na programu huzitendea namna moja, kwa hiyo ukimsalimu mmoja wao umeisalimu nyumba nzima, na hao wanne waliosalia wanakupotezea asubuhi yako. Kisha nikamuuliza ugomvi wa mashamba huku kwetu huzuka sehemu gani ya shamba. Akacheka, maana hakuna mtoto wa Nyamira asiyejua kwamba watu hawagombani katikati ya shamba, hugombana mpakani. Akafuta orodha yake akaandika upya: 99, 100, 101, 4,999, 5,000, 5,001, na pembeni akaongeza sifuri, nafasi tupu, 100 yenye alama ya kutoa mbele yake, maneno "mia mbili" kwa herufi, na 1,000 iliyoandikwa pamoja na mkato wake, kama mwanamke mwenye duka angeiandika.

Programu ikaikataa 100. Mtunga programu alikuwa ameandika alama isemayo zaidi ya mia, mahali pa alama isemayo mia au zaidi, na tofauti ya alama hizo mbili ni ile alama ya usawa tu. Mtu aweza kudhani jambo hilo ni dogo, lakini na afikiri ni nani mwenye kuleta mia kamili kila juma: ni yule aliye na uchache kuliko wote, naye ndiye ambaye mashine ingemwambia mbele ya wenzake kwamba mchango wake haufai. Mweka hazina, kwa huruma au kwa kuchoka, angeandika 101 ili mashine inyamaze, na mwisho wa mwaka daftari la chama lingedai shilingi ambazo hakuna aliyezitoa. Ile 1,000 yenye mkato ilipokewa bila ubishi wowote, ikaandikwa kuwa ni shilingi 1, kwa sababu sehemu ya programu inayohakiki kanuni iliisoma elfu nzima, lakini sehemu inayohifadhi ilisoma mpaka penye mkato ikaona imetosheka. Hili lilinitia hofu kuliko lile la kwanza, kwani hitilafu inayokataa hulalamikiwa siku ile ile, ilhali hitilafu inayopokea kwa adabu huweza kukaa miezi.

Baada ya nambari tukaja kwenye majina, na hapo mpimaji wa huku kwetu Gusii ana fadhila ambayo wapimaji wengi wa mbali hawana, nayo ni kwamba majina ya jamaa zake yamejaa ritifaa. Ong'era, Nyang'au, Nyang'ate: kila ukoo unao mmoja wao. Katika lugha itumiwayo kuziamuru hifadhidata nyingi, maneno hufungwa baina ya ritifaa mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Basi mtunga programu asipochukua hadhari, hifadhidata ikikutana na Ong'era hudhani kwamba jina limekwisha pale penye Ong, na zile herufi era huzisoma kana kwamba ni amri, ikashindwa kuielewa, ikaacha kazi. Watu wa Ireland wenye akina O'Brien wameyaonja hayo kabla yetu. Wala hili si suala la adabu kwa majina ya watu peke yake, maana tundu analokwama mama Ong'era kwa bahati mbaya ndilo tundu ambalo mwizi wa mitandaoni hupitisha amri zake kwa makusudi. Fauka ya hayo, baadhi ya simu huandika ritifaa iliyonyooka na nyingine iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili mbalimbali, hata Nyang'au aliyeandikishwa kwa simu ya katibu asionekane anapotafutwa kwa simu ya mweka hazina.

Kipimo cha tatu hakikuhitaji kuvumbuliwa, kilikuja chenyewe na mvua ya alasiri. Mtandao ulipoanza kuyumba nilimwambia aingize mchango wa 500, abonyeze kitufe cha kutuma, na papo hapo azime data. Kisha aiwashe tena na kubonyeza mara ya pili, kama afanyavyo kila binadamu ambaye simu yake imemnyima jibu. Michango miwili ya 500 ikaonekana kwenye orodha, kwa mtu aliyetoa mmoja.

Kuona hitilafu ni nusu ya kazi, na naogopa kwamba ndiyo nusu iliyo rahisi. Taarifa ya kwanza ya mpwa wangu ilisema: "Programu inasumbua kwenye majina." Nikamuuliza kijana akiipata taarifa hiyo atakwenda kutazama wapi, naye hakuwa na jibu, akaiandika tena na tena hadi ikawa hivi: "Nimefungua fomu ya mwanachama mpya, nikaandika jina Ong'era, nikabonyeza Hifadhi. Nilitazamia mwanachama aandikishwe. Skrini ikawa nyeupe na orodha haikuongezeka. Nimerudia mara 3, ikawa vivyo hivyo. Jina Onsongo limepokewa." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kupita zote, kwa sababu inamwonyesha mtunga programu kwamba fomu yenyewe ni nzima na ugonjwa umo katika ritifaa, na hivyo inamwondolea saa nzima ya kutafuta. Tena taarifa nzima haimtaji kijana wala haimkejeli, inaitaja programu. Mpimaji anayeandika "umekosea" atajibiwa kwa ubishi, na ubishi haurekebishi kitu.

Atakayedhani kwamba haya ni mambo ya vyama vidogo na akumbuke Machi 2013. Taifa zima la Kenya lilikuwa limekaa mbele ya televisheni likitazama matokeo ya awali ya uchaguzi wa tarehe 4, na safu ya kura zilizokataliwa ikapanda hadi kupita 300,000, watu wakashangaa wapiga kura wangewezaje kukosea kwa wingi namna hiyo. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikaeleza baadaye kwamba programu ilikuwa na hitilafu iliyozizidisha kura hizo mara 8, na hesabu rasmi ya mwisho ikawa 108,975. Nambari hiyo haikuwa pambo, maana katiba inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura, mshindi wa mwaka ule alitangazwa kwa asilimia 50.07, na swali kama kura zilizokataliwa ziingie katika hesabu ya asilimia lilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua kwamba zisiingie. Mimi ninalolitazama ni jambo la ufundi: fomu ya majaribio yenye kura 5 zilizokataliwa ingetoa 40, na hitilafu ingeonekana kabla ya chakula cha mchana, lakini mpimaji ambaye angejaza sifuri katika nafasi ile, kwa kuwa sifuri ni nyepesi kuandika, angeona sifuri ikirudi, kwani sifuri mara 8 ni sifuri, naye angeapa kwamba programu ni salama.

Ustadi huu si wa kuzaliwa nao, na hata wajuzi huukosa. Mmarekani Glenford Myers, katika kitabu chake cha 1979 juu ya upimaji wa programu, anaanza kwa kumpa msomaji programu ndogo mno ipokeayo urefu wa pande tatu na kutaja aina ya pembetatu, akimtaka aandike vipimo vyake, kisha humpa maswali 14 ya kujisahihisha. Naye asema kwamba watunga programu wenye uzoefu aliowajua walipata wastani wa 7.8. Zoezi hilo ningemshauri kila anayeanza alifanye kwa kalamu jioni moja. Kuhusu zana kama Selenium, iliyoanzia Chicago mwaka 2004 na iwezayo kubonyeza kurasa badala ya mtu, sina mengi: mashine hurudia vipimo ulivyoifundisha, nayo haikubunii hata kimoja. Cheti cha kimataifa cha ISTQB ni kitu chema, mtihani wake wa daraja la kwanza una maswali 40 na huhitaji majibu sahihi 26, na wasiofanya kwa lugha yao huongezewa dakika 15 juu ya zile 60; ila chenyewe huthibitisha kwamba unayajua majina ya mambo, na mwajiri mwerevu atakuuliza umeona hitilafu gani na uliiandikaje.

Mahali pa kujizoeza pasiwe kwenye benki wala tovuti ya mtu asiyekuruhusu, kwa sababu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 hufanya kuingia bila idhini kuwa kosa, na kusema "nilikuwa najifunza" si kinga. Ziko programu ambazo wenyewe wanawakaribisha wapimaji wa dunia nzima. Mojawapo ni OpenMRS, ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, ambayo mizizi yake imo katika kazi iliyofanywa karibu na Eldoret na ambayo ndiyo msingi wa KenyaEMR itumiwayo katika vituo vya afya nchini. Ina nakala ya majaribio iliyo wazi kwa watu wote, na daftari la hitilafu ambalo kila mtu aweza kulisoma. Mpwa wangu alianza nayo kwa kumwandikisha mzee wa kubuni asiyejua tarehe aliyozaliwa, mwenye jina moja tu, lenye ritifaa.

Ama kijana wetu, aliikarabati programu ya chama usiku ule ule, akaileta kesho yake akiwa na furaha. Mpwa wangu hakuanza na 100. Alirudi ukurasa wa kwanza wa daftari na kuvipitia vipimo vyote tangu mwanzo, pamoja na vile vilivyofaulu jana. Mia ilipokewa, na Ong'era akaandikishwa. Elfu tano, iliyopokewa jana, ikakataliwa.