Altrasaundi na Maradhi ya Kiungo cha Taya

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya tundu la sikio, kimoja kila upande. Anayegusa hapo kwa vidole huku akifungua kinywa hukihisi kikicheza chini ya ngozi. Hapo kichwa cha taya la chini hukutana na kishimo cha mfupa wa fuvu, na katikati yake kuna kisahani chembamba kinachozuia mifupa isisagane. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa cha taya huzunguka palepale. Kinapofunguka zaidi, huteleza mbele pamoja na kisahani hicho.

Maradhi ya sehemu hii yamegawanyika katika makundi matatu makubwa. Yanayowapata watu wengi zaidi ni maumivu ya misuli ya kutafunia. Kundi la pili ni kuhama kwa kisahani, mara nyingi kuelekea mbele. Kikirudi mahali pake mtu anapofungua kinywa, taya hualika; kisiporudi, kinywa huweza kukwama kisifunguke vizuri. Kundi la tatu ni magonjwa ya kiungo chenyewe, kama vile kulika kwa mifupa na baridi yabisi, ambayo huwapata hata watoto. Kwa kuwa maumivu husambaa hadi sikioni, panjani na kwenye meno, wapo wagonjwa wanaodhani wanaumwa sikio au jino.

Uchunguzi huanza kwa mahojiano na mikono ya daktari: hupapasa misuli, husikiliza mlio na kupima kinywa kinafunguka kiasi gani. Picha huhitajika pale tatizo linapoonekana kuwa ndani ya kiungo. Eksirei na CT skani huonyesha mifupa vizuri. Kisahani huonekana bora zaidi kwa MRI, lakini kipimo hicho ni ghali, huchukua muda, na huwatia hofu wasiopenda kulala ndani ya mashine yenye mfano wa bomba.

Altrasaundi hutuma mwilini mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia, kisha huchora picha kwa mwangwi unaorudi. Haina mionzi, hivyo inaweza kurudiwa mara nyingi, hata kwa mtoto. Kadiri masafa ya mawimbi yanavyokuwa makubwa, ndivyo picha inavyozidi kuwa kali, ingawa mawimbi hayafiki mbali. Kwa kuwa kiungo cha taya kiko karibu na ngozi, hufaa kutumia megahezi 12 au zaidi. Majaribio ya mwanzo yalitumia masafa madogo kuliko hayo, na picha zake zilikuwa hafifu.

Mgonjwa hupakwa jeli mbele ya sikio, kisha mtaalamu huweka hapo kifaa cha kupimia na kumwambia afumbe kinywa, akifungue polepole, akifumbe tena. Uso wa mfupa huonekana kama mstari mweupe wenye kivuli nyuma yake, na kisahani kama utepe mwembamba juu ya kichwa cha taya. Majimaji yaliyojaa kwenye kiungo huonekana meusi. Kwa kuwa picha hutembea pamoja na taya, mtaalamu huona kisahani kikirudi mahali pake au kikibaki mbele. Kipimo hiki pia huonyesha unene wa misuli ya shavu, na humwongoza daktari anapoingiza sindano ya dawa au ya kusafisha kiungo.

Udhaifu wake unatokana na mfupa, kwa kuwa mawimbi haya hayaupenyi. Hivyo altrasaundi huona zaidi upande wa nje wa kiungo. Kisahani kilichohamia upande wa ndani kinaweza kufichika. Matokeo hutegemea pia ustadi wa anayepima. Vilevile, kisahani kilichohama huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kuamua tiba. Majibu ya altrasaundi husomwa pamoja na dalili za mgonjwa, na yasipoeleza maumivu yanayoendelea, MRI ndiyo hufuata.