Mwanafunzi wa Uhandisi wa Mwaka wa Kwanza na Barua ya Mafunzo kwa Vitendo

Kila mwaka ifikapo Juni, masijala za halmashauri hupokea barua za wanafunzi wa uhandisi wanaoomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nyingi huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, zikiomba kushiriki katika ujenzi wa barabara au miradi ya maji. Hapo ndipo hukwama, kwa kuwa Mkurugenzi hana tena barabara wala visima vya kumpangia mwombaji. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na kufuatia sheria ya maji ya mwaka 2019 huduma ya maji vijijini imo chini ya RUWASA. Wakala hizi zina mameneja wao wa wilaya na masijala zao, hata pale ambapo ofisi zao zimepakana na za Halmashauri. Barua iliyofikishwa mlango usiohusika huweza kuzunguka hadi likizo ikaisha, na mwanafunzi akarejea chuoni bila mafunzo ambayo huhesabiwa katika matokeo yake.

Kilichobaki kwa Halmashauri ni majengo: madarasa, zahanati, vituo vya afya na nyumba za watumishi. Mengi hujengwa kwa utaratibu uitwao fosi akaunti, ambapo kamati ya shule au ya kituo hununua vifaa, mafundi wa eneo hilo hupewa kazi, na Mhandisi wa Halmashauri husimamia ubora. Kwa anayesoma uhandisi wa ujenzi, mahali pa namna hii hufundisha zaidi ya mradi mkubwa wa mkandarasi, ambako mgeni huishia kusimama kando ya mitambo. Hapa saruji huhesabiwa mfuko kwa mfuko, nondo hufungwa kwa mkono, na zege hupimwa kwa ndoo. Mwanafunzi huona kwa macho yake kwa nini fundi akiongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi, nguvu yake hupungua. Anaweza kupewa kazi ya kujaza koni ya chuma ya kupimia ulaini wa zege, au ya kutunza vipande vya mraba vya zege ndani ya maji mpaka vipelekwe maabara kubanwa vikiwa na umri wa siku 7 na siku 28. Ni kazi ndogo, lakini jengo zima huhukumiwa kwayo.

Wanaosoma umeme huelekeza maombi TANESCO. Wa mitambo hufaa zaidi kwenye karakana za TEMESA au za watu binafsi.

Wapo wanaosita kuomba katika mwaka wa kwanza kwa kudhani kwamba hawajui lolote la kumfaa mhandisi. Vyuo vyenyewe havioni hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hupeleka wanafunzi wake wa uhandisi kwenye mafunzo kwa wiki nane mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hakuna ofisi inayotarajia kijana wa mwaka wa kwanza akokotoe nguvu ya boriti. Hutarajiwa kushika futi kwa uangalifu, kusoma mchoro, kuandika vipimo bila kubahatisha na kufika kazini kwa wakati.

Kinachowaponza wengi ni kuchelewa. Ofisi ya wilaya ina wahandisi wachache, na gari la ukaguzi lina viti vichache zaidi. Barua iliyofika Machi au Aprili hupangiwa nafasi, ilhali ya Julai hupata majibu ya masikitiko. Inafaa pia kukumbuka kwamba mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, hivyo baadhi ya miradi mipya huwa bado katika manunuzi. Anayeripoti wakati huo huenda akaanzia ofisini, kwenye michoro na makadirio ya gharama. Muda huo haupotei: aliyehesabu matofali ya jengo kwenye karatasi huwa na swali la kuuliza anapofika eneo la ujenzi.

Barua ya utambulisho kutoka chuoni itaje fani, mwaka wa masomo na tarehe za kuanza na kumaliza. Ya mwanafunzi mwenyewe iwe fupi, ionyeshe anachoweza kufanya na mahali atakapoishi. Ikiwezekana ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa mapokezi, na ufuatiliaji ufanyike baada ya wiki mbili.

Kwa kawaida mafunzo haya hayana mshahara. Mikopo ya HESLB ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika, lakini asiye na mkopo hana budi kujitafutia nauli na chakula. Ndiyo maana wilaya ya nyumbani, anakolala kwa wazazi au kwa shangazi, mara nyingi humfaa kuliko kuhangaika Dar es Salaam. Nafasi yenyewe haiuzwi. Anayedai fedha ili kuitoa aripotiwe TAKUKURU.

Wazazi wengine huyachanganya mafunzo haya na mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003. Huo ni wa wahitimu, nao huchukua miaka mitatu chini ya mhandisi mwenye uzoefu kabla ya kusajiliwa.

Akishapokewa, mwanafunzi aje na buti ngumu na daftari la kumbukumbu za kila siku. Daftari lisainiwe kila Ijumaa, maana mhandisi aliyeko ziarani vijijini katika wiki ya mwisho hapatikani kwa urahisi, na chuo hakipokei kurasa zisizo na saini.